Paja la Kidoti

Wodi ya mifupa ya watoto ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na karibu juu ya kila kitanda kulikuwa na kamba. Kamba zilipita kwenye makapi, vile vigurudumu vya chuma, zikashuka upande wa pili zikiwa na uzito uliofungwa kwenye ncha, zikavuta miguu ya watoto kidogo kidogo hadi mifupa iliyopishana ikae sawa. Aliyezifunga kamba hizo kwa miaka ishirini na miwili alikuwa nesi mmoja mfupi, mnene, mwenye sauti ya kusikika mpaka getini. Watu wote walimwita Mama Kamba, na jina hilo alilipenda.

Madaktari vijana walikuja wakaenda, yeye yupo. Alikuwa akitazama kidole gumba cha mguu tu, anajua bandeji imebana. Alikuwa akisikia kilio akiwa ofisini, anajua hiki ni cha maumivu, hiki ni cha njaa, na hiki ni deko. Na kulikuwa na jambo moja zaidi alilojisifia: alijua kumtambua mzazi mwongo.

"Mtoto anayekimbia huanguka," alikuwa akiwaambia wenzake. "Anaparamia ukuta, anagongwa na baiskeli, anaruka kitandani anakosea. Huyo paja likivunjika, sishangai. Lakini mtoto ambaye hata kusimama hajui, paja lake linavunjwa na nani? Hapo pana mkono wa mtu."

Mara tatu alikuwa amesema hivyo, na mara zote tatu akawa amesema kweli. Mtoto mmoja kati ya hao watatu alikuwa hai kwa sababu Mama Kamba hakunyamaza. Hilo lilijulikana hospitali nzima, na ndilo lililokuja kumponza.

Asubuhi moja, wodi ikiwa imejaa akina mama wanaolisha watoto uji, aliingia msichana mmoja amempakata mtoto kwenye kanga, anatembea kama mtu aliyebeba sinia la mayai. Alikuwa msusi, mwembamba, mfupi wa kimo. Weupe wa macho yake haukuwa mweupe hasa; ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi. Mama Kamba aliliona hilo, akadhani ni kwa kulia na kukosa usingizi. Mtoto alikuwa wa kike, wa miezi tisa. Alikuwa na alama ndogo nyeusi juu ya mdomo, na kwa alama hiyo kwao walimwita Kidoti. Paja lake la kushoto lilikuwa limevimba. Picha ya eksirei ilikuwa imeshapigwa, na mfupa ulionekana umekatika katikati.

"Imekuwaje?" aliuliza Mama Kamba.

"Nilikuwa nambadilisha nepi, Sista. Nikainua miguu, nikasikia tk. Kama kijiti."

"Kama kijiti."

"Ndiyo, Sista."

"Nepi."

"Ndiyo."

Mama Kamba aliweka kalamu chini. Aligeuka, akawatazama akina mama wote waliokuwa na vijiko mikononi. "Jamani, njooni msikie! Nepi siku hizi zinavunja watu mapaja."

Akina mama wakacheka. Mama wa kitanda cha dirishani, ambaye binti yake wa miaka saba alikuwa amening'inizwa mguu wiki ya tatu sasa, alicheka mpaka akapaliwa.

"Hebu niangalie, dada," aliendelea Mama Kamba, na sauti hakuipunguza. "Hakuna mfupa mkubwa mwilini kuupita wa paja. Wewe umeuvunja kwa nepi?"

"Wallahi sikumfanya kitu. Hata mimi nilipokuwa mdogo nilivunjika mkono mara mbili, hivi hivi tu. Nyumbani walikuwa wananiita Kigae."

"Walikuwa wanakupiga?"

"Hapana, nilikuwa nacheza tu nika..."

"Basi. Mtoto hulea kama alivyolelewa." Mama Kamba alichukua kalamu yake. "Mwanamke mzima unamkunja mtoto mguu kwa hasira, halafu unaisingizia nepi. Huoni hata haya!"

Msichana alimtazama mtoto wake, midomo ikamcheza, lakini maneno yalikataa. Mama Kamba alikuwa amewaona wengi walionyamaza hivyo. Akaandika kwenye faili: *Maelezo ya mama hayalingani na jeraha.* Kisha akampigia simu afisa wa ustawi wa jamii.

Daktari wa mifupa, mwanamume mrefu ambaye asubuhi hiyo alikuwa na foleni ya wagonjwa kama siafu, aliisoma ile sentensi akiwa amesimama. "Una hakika?"

"Daktari, mimi na wewe tumeanza leo?"

"Ukiona wewe, nimeona mimi," alisema daktari, akatia sahihi.

Mtoto wa umri ule hafungwi uzito kama wakubwa. Hufungwa bandeji miguu yote miwili, ikainuliwa juu moja kwa moja mpaka kwenye chuma kilichopita juu ya kitanda, makalio yakanyanyuka kutoka kwenye godoro kiasi cha kiganja kupita chini yake. Mwili wake mwenyewe ndio unaouvuta mfupa. Ukiona mara ya kwanza utadhani ni mateso, lakini watoto huzoea kwa siku moja, wakalala usingizi mnono miguu ikiwa juu. Mama Kamba alimfunga Kidoti kwa mikono ileile iliyofunga mamia. Alikagua vidole kila saa kuona kama vina joto na rangi. Kwa mtoto hakuwa na ubaya wowote. Alimwimbia, akampa kipande cha bandeji safi achezee.

Ubaya wote ulikuwa kwa mama yake. Afisa wa ustawi, bwana mmoja mpole mwenye mkoba wa ngozi, aliamua kwamba msichana yule asikae peke yake na mtoto. Aliyetakiwa kulala wodini ni bibi yake Kidoti, mama mzaa baba. Mama mtu aliruhusiwa saa moja kwa siku, kuanzia saa nne hadi saa tano asubuhi, nesi akiwa anamwona, tena bila kumnyanyua mtoto. Mfupa ukiunga, Kidoti angekwenda kwa bibi yake, na mengine yangeamuliwa baadaye.

Bibi alikuja na mkeka, ndoo na ulimi wake. "Mwanangu ni dereva wa malori, anakesha barabarani atafute riziki," aliwaambia akina mama wa wodini siku hiyohiyo. "Kumbe kaoa mnyama akamwachia mtoto!" Alikuwa ameshampigia mwanawe kabla mkewe hajampigia, kwa hiyo mke alipopiga, simu iliita bila kupokelewa. Iliita hivyo siku zote zilizofuata.

Kila siku saa nne msichana alikuja. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, akamtazama mwanawe. Mama Kidoti, ndivyo walivyomwita, lakini walivyolitamka! Kwa pembe ya mdomo. Akipita, akina mama walivuta miguu kana kwamba atawakanyaga. Siku moja alileta kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Bibi akaipokea kwa vidole viwili na kuiweka chini ya kitanda. Msichana alikaa saa yake ikaisha, akaaga, akatoka. Mama Kamba alikuwa mezani kwake akimwona yote hayo, na moyoni akasema, afadhali ajifunze.

Siku ya ishirini picha ilionyesha mfupa umeunga vizuri. Mfupa mpya ulikuwa umeviringa mahali palipovunjika kama udongo uliofinyangwa. "Watoto wana bahati," alisema daktari. "Mtu mzima hapa angelala miezi mitatu." Mama Kamba akafungua kamba, akaishusha ile miguu miwili, na Kidoti akashangaa kuiona iko chini tena.

Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kuruhusiwa kwenda kwa bibi. Msichana alikuja saa nne kama kawaida, akakaa, mikono mapajani. Kidoti alimnyooshea mkono. Msichana akamtazama Mama Kamba kuomba ruhusa. Mama Kamba akatikisa kichwa. Saa tano ilipofika, msichana aliinuka akatoka.

Bibi naye alitoka muda mfupi baadaye, kwenda kuanika nguo nyuma ya jengo. Kidoti akaanza kulia, na Mama Kamba akajua kilio kile bila kuuliza: kalowa. Akavuta pazia la kitanda, akachukua nepi kavu. Akavishika vifundo vya miguu viwili kwa mkono mmoja, akainua makalio, kama alivyofanya maelfu ya mara, na safari hii kwa upole kuliko siku zote kwa kuwa ule mguu wa kushoto ndio kwanza umetoka kwenye kamba.

Tk.

Haikuwa sauti kubwa. Aliisikia mkononi kuliko masikioni. Kidoti alimtazama, mdomo wazi, akiwa bado hajapata pumzi ya kulilia. Kisha akaipata. Paja la kulia, lile ambalo halikuwahi kuwa na tatizo, lilikuwa limepinda mahali pasipokuwa na kiungo.

Mama Kamba alibaki ameshika nepi. Alilitazama lile paja, akautazama mkono wake. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Daktari alikuwa kitanda cha tatu kutoka pale. Alisikia kilio, akafunua pazia. "Kuna nini?"

"Mguu wa kulia, Daktari. Umevunjika."

Ndivyo alivyosema: umevunjika. Kama sahani inavyoanguka yenyewe kabatini. Alipokuwa akiandika faili la msichana yule, hakumpa ruhusa ya kutumia neno hilo.

Daktari aliinama, akagusa, akajua. Uso wake ukakunjamana. "Mama yake alikuja leo?"

"Alikuja," alisema Mama Kamba.

Neno lilikuwa la kweli. Wala hakuongeza mengine. Daktari alipumua kwa nguvu, akasema, "Mungu wangu. Mbele ya macho yetu!" Akatoka mbio kwenda kumpigia bwana wa ustawi, huku akiagiza mtoto achomwe sindano ya maumivu. Mama Kamba alimchoma ile sindano mwenyewe. Mkono haukutetemeka. Mpaka leo hilo ndilo linalomtia haya kuliko yote, kwamba mkono haukutetemeka.

Baadaye aliingia chumba cha kuoshea vyombo, akafungulia maji, akanawa mikono iliyokuwa safi. Alijiambia maneno mengi. Kwamba huenda msichana alimfanya mtoto kitu, na mfupa ukawa umeshaanza kupasuka. Lakini alikuwa amemtazama saa nzima, na msichana hakunyanyua mkono hata kufukuza nzi. Alijiambia kwamba amebakiza miaka mitatu astaafu. Kwamba nani ataamini, wakati hata yeye asingeamini? Kila alichojiambia kilikuwa na mantiki, na kila kimoja kilimnuka.

Msichana hakuwa amefika mbali. Hakuwa na haraka ya kurudi kwenye nyumba isiyo na mtoto. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya geti. Mlinzi akamleta. Mama Kamba alimwona akipita kwenye ujia, hajui anaitiwa nini, uso umechangamka kidogo. Pengine alidhani wamebadili mawazo, wanampa mtoto wake.

Ofisi ya daktari ilikuwa mkabala na chumba cha kuoshea vyombo, na mlango wake haukufunga sawasawa. Mama Kamba alifunga bomba. Akasikia sauti ya bwana wa ustawi, iliyokuwa imeishiwa upole. "Safari hii ni polisi, mama. Sina namna."

"Polisi kwa lipi? Mwanangu amepatwa na nini?"

"Unatuuliza sisi? Mguu wa pili huo."

Msichana akalia, lakini si kwa kelele. Ilikuwa kama mtu anayekosa hewa. Katikati ya kulia akasema, "Sikumgusa. Hata kidole. Muulizeni Mama Kamba. Alikuwa ananiangalia tangu nimeingia mpaka nimetoka. Yeye hanipendi, lakini muulizeni. Atawaambia."

Mama Kamba alishika ukingo wa sinki. Katika watu wote duniani, shahidi wa msichana yule alikuwa yeye.

Alivuka ujia, akausukuma mlango. Wote watatu wakageuka. Msichana akamtazama kwa matumaini, na matumaini yale yalimchoma kuliko kama angemtemea mate.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini, Sista?" aliuliza bwana wa ustawi.

"Niliyemvunja. Mama yake hakumgusa. Nilikuwa nambadilisha nepi. Nikainua miguu, nikasikia tk."

Alipoyasema maneno yale ndipo akayasikia. Yalikuwa yaleyale, hayakupungua neno. Msichana naye aliyatambua. Aliacha kulia, akafunga macho.

Daktari alikaa kwenye kiti chake polepole. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ulikuwa umemshika vipi?"

"Vifundoni. Kama ninavyomshika mtoto yeyote."

"Ulimvuta?"

"Sikumvuta, Daktari."

Daktari akainuka, akaenda wodini. Alifunua kope za Kidoti kwa kidole, akaangalia macho yake kwenye mwanga wa dirisha. Akaagiza mwili mzima upigwe picha, taratibu, mtoto akiwa juu ya ubao wenye godoro. Picha zilipotoka alizitundika ukutani zote, akasimama mbele yazo mikono kiunoni. Mifupa ilikuwa miembamba, imefifia kama iliyochorwa kwa penseli. Kwenye mbavu kulikuwa na vifundo viwili vidogo: mahali palipovunjika na kuunga penyewe, bila mtu kujua.

Aliwaita wote. "Huyu mtoto amezaliwa na mifupa dhaifu," alisema. "Mifupa yake inakosa kile kinachoikaza. Anaweza kuvunjika kwa kunyanyuliwa tu, kwa kuvalishwa nguo tu. Wengine wenye hali hii weupe wa macho yao huwa na rangi kama ya buluu." Alimgeukia msichana, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza katika wiki tatu. "Kama wako. Umewahi kuvunjika?"

"Mkono. Mara mbili," alisema msichana. "Nilimwambia Sista siku ya kwanza."

Hakuna aliyemtazama Mama Kamba, na hilo lilikuwa gumu kuliko kutazamwa. Daktari alisugua uso. "Na mimi nilitia sahihi," alisema. "Dakika moja haikufika."

Safari hii Kidoti hakuning'inizwa. Walimfunga gango jepesi la kuushikilia mguu, lenye pamba nyingi, na daktari akaandika barua ya kumpeleka kwenye hospitali kubwa, kulikokuwa na dawa ya kutundikiwa mshipani. Haiponyi, alieleza, lakini huipa mifupa nguvu, na wengine huja kutembea. Bwana wa ustawi alichana karatasi zake mbele ya msichana, akaomba radhi mara nne, akasahau mkoba wake akarudi kuufuata. Msichana aliulizwa kama anataka chochote.

"Mwanangu," alisema. "Na huyu asimguse."

Mama Kamba akahamishiwa safu ya pili ya vitanda. Msimamizi wa manesi alimwandikia barua ya onyo, naye akaitia sahihi bila kuisoma. Onyo lilikuwa jepesi mno. Alikuwa ametarajia kufukuzwa, na sasa ilimbidi aje kazini kila siku.

Siku ya nne alimkuta msichana bombani nyuma ya jengo, anafua nepi. Hapakuwa na mtu mwingine. Akaona ndiyo nafasi.

"Mama Kidoti. Nimekuja kukuomba msamaha."

Msichana aliendelea kukamua. "Siku ile uliponisema, ulinisemea wapi?"

"Wodini."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu."

"Sasa mbona msamaha unauleta bombani?"

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema. Dole huuma siku moja. Alirudi ndani akiwa amedhamiria, lakini kudhamiria ni kitu kimoja na kutenda ni kingine. Siku hiyo akajiambia wodi haina watu. Siku iliyofuata akajiambia wapo wageni. Alikuwa mwanamke aliyepaza sauti miaka ishirini na miwili bila kufikiri, na sasa alipita kati ya vitanda akihesabu bandeji alizokwisha kuzihesabu.

Siku ya tatu tangu yale ya bombani, akina mama wakiwa na vijiko mikononi, alikwenda akasimama katikati ya wodi.

"Jamani," alisema. Ilitoka ndogo. Akarudia. "Jamani, naomba mnisikilize. Huyu mama nilimwita mwongo hapahapa, nanyi mkasikia. Nilisema amemkunja mtoto mguu kwa hasira. Si kweli. Alichosema kuhusu nepi ni kweli tupu. Mguu wa pili nimeuvunja mimi, kwa nepi."

Vijiko vilikuwa vimesimama. Angeweza kuishia hapo. Hayo walikuwa wameshayajua, maana wodini siri haikai hata usiku mmoja. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakuna aliyelijua ila yeye na daktari, na daktari hakuwa amelitilia maanani.

"Na kuna lingine. Daktari aliponiuliza, sikusema ni mimi. Aliniuliza kama mama yake alikuja. Nikasema, alikuja. Nikanyamaza. Nikamwacha aitwe. Nilikuwa najua, na nikanyamaza mpaka nilipomsikia ananitaja mimi kuwa shahidi wake. Asingenitaja, sijui. Sijui kama ningesema." Alitazama sakafu. "Nimemaliza."

Mama wa kitanda cha dirishani alikuwa wa kwanza kusema. "Na sisi tulicheka," alisema. "Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa." Bibi mzaa baba, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka wake, alijitia kutafuta kitu ndani ya ndoo. Hatimaye akatoa simu, akatoka nje, na kupitia dirishani wakamsikia akimwambia mwanawe, "Mpigie mkeo. Nimesema mpigie! Usiniulize maswali."

Msichana hakuwa ameinua uso. Alikuwa akimpangusa Kidoti mdomo.

"Hilo la 'alikuja' sikulijua," alisema.

"Najua."

"Ungenyamaza nisingelijua kabisa."

"Najua, mama."

"Ulikuwa unaniona nimekaa pale saa nzima. Aliponyoosha mkono nikakuangalia, ukakataa."

"Nilikuona."

Msichana alikikunja kitambaa alichompangusia mtoto. "Nimesikia," alisema. Hakusema amesamehe, na Mama Kamba hakuuliza.

Kidoti aliondoka wiki iliyofuata, baba yake akiwa amekuja na uso wa mtu aliyetukanwa na watu wenye haki ya kumtukana. Mama Kamba alibaki. Watu walisema amepoteza sauti. Ukweli ni kwamba alikuwa ameipunguza. Mzazi akija na hadithi isiyoeleweka, alimpeleka nyuma ya pazia, akamuuliza, akangoja jibu mpaka liishe, kisha akauliza kuhusu mifupa ya mama na ya bibi. Miezi michache baadaye aliletwa mtoto ambaye kweli alikuwa amevunjwa na mtu. Mama Kamba aliandika ukweli huo pia, lakini aliandika akiwa amekaa, na baada ya kuandika aliingia chumba cha kuoshea vyombo akakaa dakika tano. Manesi wapya walianza kumsifu kwa wagonjwa kwamba ni yule aliyekiri kosa lake. Kila aliposifiwa, alipata joto la uso kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, akatafuta kazi ya upande mwingine.

Mwaka ulipopita, msichana alikuja na Kidoti kwenye kliniki ya mifupa ya hospitali ileile. Mtoto alikuwa amekaa mwenyewe mapajani mwa mama yake, mnene, meno yamejaa mdomoni, amevaa ile kofia ya sufu iliyokuwa sasa inambana. Mezani walikuwa manesi wawili wa zamu, Mama Kamba na mwenzake mwembamba aliyehamia karibuni. Msichana alitakiwa kwenda dirisha la pili kuchukua fomu ya picha, na foleni ilikuwa ya kusukumana. Asingeweza kwenda na mtoto.

Akawatazama wote wawili.

"Shikamoo, Mama Kamba," alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo." Kisha akampa mtoto yule mwembamba. "Mkono mmoja chini ya makalio, mwingine mgongoni. Usimshike kwapani. Usimvute. Umesikia, dada?"

"Nimesikia."

Mama Kamba aliona ni haki. Foleni ilikuwa imeanza kuziba njia, na yule nesi alihitaji kumpeleka mtoto chumba cha ndani, pasipo na msukumano. Mama Kamba akainuka, akawaomba watu wasogee, akawafungulia mlango.